Kempa inalala peke yake: mlinzi, kufuli, swichi ya siri au traka?

Mokowe, barabara inaishia majini. Ukienda Lamu unashusha begi, unaingia kwenye boti, na gari linabaki bara. Dar es Salaam ni vilevile: boti za abiria za Unguja zinakubeba wewe na mzigo wako, pikapu utajua mwenyewe pa kuiweka. Kigoma kwa anayekwenda Gombe, Shimoni kwa anayevuka kwenda Wasini, geti la Machame kwa anayepanda Kilimanjaro, kote huko gari linafika mwisho wa safari kabla ya mwenye gari.

Mwenye gari dogo la saluni anafunga milango, anaondoka. Mwenye pikapu aliyoigeuza nyumba hana bahati hiyo. Nazungumzia Hilux, Land Cruiser au D-Max yenye kanopi, yaani kifuniko kigumu chenye madirisha, nyuma na hema la kukunja juu ya paa, ile ambayo wenyewe tunaiita kempa. Ndani mna friji ya volti 12, mtungi mdogo wa gesi, betri ya pili, magodoro, vyombo. Nje mna madumu, jeki ndefu, vibao vya kujikwamulia mchangani na hema lenyewe. Kila kimoja kinauzika peke yake, hakuna kinachodaiwa kadi ya usajili, na hema lililokunjwa juu ya paa linamtangazia kila mpita njia kwamba chini yake mna vya kuchukua.

Mimi nilifundishwa na Hilux yangu. Niliiacha siku tatu kwenye kiegesho cha kulipia Dar, nikavuka Unguja na familia. Kiegesho chenyewe sikitaji. Niliporudi nilikuta nati sita zimepangwa mstari juu ya boneti, mojamoja, kama kete zinazosubiri mchezaji wa bao. Hema lilikuwa bado juu, limeshikiliwa na nati mbili za mwisho ambazo kutu ilikuwa imezing'ang'ania hadi spana ikazila kona. Ukuta ulikuwepo, mlinzi alikuwepo, risiti ninayo mpaka leo. Lililookoa hema ni kutu.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila njia, nikawasumbua kwa maswali mafundi na madereva wa utalii wa Arusha ambao gari kulala nje ni sehemu ya kazi. Njia ipi inazishinda nyingine zote? Kila niliyemuuliza alinijibu kwa swali: unaiacha wapi, na kwa siku ngapi?

## Tunapima kwa nini

Kwanza mjue mwizi wako, maana wako wa aina tatu na hawafanani.

Kuna kibaka. Huyu anataka kilicho karibu na mkono: begi kwenye kiti, dumu lililofungwa kwa kamba, simu iliyosahaulika. Silaha yake ni jiwe au bisibisi na kazi yake ni ya dakika moja.

Kuna mnyofoaji. Huyu amekuja na spana na anajua alichofuata: hema, tairi la akiba, taa, sait mira, kontroli boksi. Mara nyingi mteja yuko tayari kabla hajaja.

Halafu kuna anayetaka gari zima. Ndiye tunayemwota usiku, ingawa kwa niliyoyaona na kuyasikia ndiye anayekuja mara chache kuliko wenzake.

Kinachomzuia huyu wa tatu mara nyingi hakimgusi wa kwanza, na hapo ndipo fedha za watu wengi zinapopotelea. Mtu ananunua traka ya bei, kile kifaa cha kukuonyesha kwenye simu gari liko wapi, anaibiwa friji. Anafungua simu, traka inamwonyesha kwamba gari liko palepale, salama kabisa.

Kwa hiyo kila njia naipima kwa mambo manne: inamzuia nani, inagharimu nini, inashindwa wapi, inamfaa nani. Gharama nazipima kwa tairi moja jipya la pikapu, kwa kuwa shilingi ya Nairobi si ya Arusha, na bei nikiiandika leo mwezi ujao itanicheka.

## Macho ya mtu: kiegesho, hoteli, misheni, getini

Inamzuia nani. Kibaka kwanza. Penye mtu wa kuuliza "wewe, unatafuta nini hapo?" kibaka hana kazi. Mnyofoaji naye anazuilika, lakini kwa masharti. Kuvua hema kunahitaji watu wawili na muda kidogo tu, kwa sababu hema zito linafika kilo 60 au zaidi lakini linashikwa na nati chache. Basi usiridhike kwamba mlinzi yupo. Uliza anapita upande ulioegesha mara ngapi usiku. Anayetaka gari zima inambidi apite getini, na geti linalofungwa mnyororo usiku ni kikwazo cha kweli kwake.

Gharama. Unalipa kwa usiku. Viwanja nilivyotumia mimi, bei ya tairi moja ingenilaza mwezi na zaidi. Baadhi ya hoteli za Moshi na Arusha zinakuachia nafasi bure siku zote za mlimani ilimradi umelala kwao kabla ya kupanda na utalala tena ukishuka. Uliza kabla hujalipia chumba, siyo baada. Na usidhani kuegesha mtaani Dar ni bure: ada ya maegesho inaandikwa kwa namba ya gari, nawe unaweza kurudi umekuta gari zima na deni juu yake.

Inashindwa wapi. Mlinzi ni zamu. Uliyesalimiana naye mchana siye atakayekuwa macho saa nane za usiku. Siku hizi naanza na huyo wa usiku:

"Shikamoo mzee. Zamu ya usiku ni ya nani?"

"Marahaba. Ya kwangu mwenyewe bosi, mpaka alfajiri."

"Basi tuzunguke wote gari hili kabla sijaondoka."

Tunazunguka. Namwonyesha hema, tairi la chini, madumu, napiga picha kila upande yeye akiona, na dashibodi yenye kilomita na geji ya mafuta. Nampa chake nusu, nusu nyingine akijua ataipata nikirudi. Picha hizo hazimzuii mtu. Zinachofanya ni kwamba mzee sasa anajua nini kilikuwepo, na anajua najua.

Udhaifu wa pili ni ufunguo. Viwanja vingi vyenye nafasi finyu vitakwambia uache ufunguo ili walisogeze gari. Ukiuacha, kila njia nyingine utakayoisoma hapa chini imeshapoteza nusu ya maana yake, na mafuta yako yanaweza kwenda harusini bila wewe. Tafuta kiwanja ambacho gari likiingia halisogezwi. Ukikosa, acha ufunguo kwa mtu mmoja kwa jina, na uondoke na ufunguo wa mlango wa kanopi.

Tatu, kibao cha "unaegesha kwa hatari yako mwenyewe" hakikuwekwa pale kwa urembo. Umelipia nafasi, ulinzi ni makubaliano mengine, yaandikwe kwenye risiti kama unayataka.

Na si kila mwizi ana miguu miwili. Kwenye mageti ya hifadhi kima na nyani wanajua harufu ya ndizi iliyosahaulika ndani ya kanopi, na mpira wa dirisha kwao si kitu.

Inamfaa nani. Mwenye safari ya siku chache, mwenye gari la kukodi asiyeruhusiwa kufunga chochote, na mgeni wa mji. Kwa mwezi mzima gharama inaanza kuuma na umakini wa walinzi unapungua: gari lililokaa muda mrefu linageuka kuwa sehemu ya ukuta.

## Chuma: kufuli la gia, fimbo ya usukani, nati za usalama

Inamzuia nani. Inategemea chuma chenyewe kimefungwa wapi. Kufuli la gia na fimbo ya usukani ni za anayetaka gari zima, na nusu ya kazi yake inafanywa na kuonekana tu kupitia kioo. Nati zenye ufunguo maalumu, kufuli la tairi la akiba na komeo la geti la nyuma ni za mnyofoaji. Kibaka hajali lolote kati ya hayo, yeye anavunja kioo.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kempa ina matundu ambayo gari la kawaida halina. Chukua tochi, zunguka la kwako.

Anza nyuma. Mlango wa kioo wa kanopi una kufuli, vizuri. Chini yake lipo geti la pikapu lenyewe, ambalo kwenye matoleo mengi limetoka kiwandani bila kufuli lolote. Funga mlango wa juu kisha jaribu kulivuta la chini. Kwenye baadhi ya kanopi linafunguka, na mkono unaingia mpaka kwenye godoro. Komeo la geti ni kitu kidogo, fundi analifunga kwa saa moja.

Ukishaingia ndani angalia pembeni juu. Kanopi haijachomelewa. Inashikwa na vibanio vyenye bolti, na bolti zenyewe ziko ndani. Maana yake aliyefungua mlango wa nyuma ameshafungua kanopi yote, akiwa na wenzake watatu wa kuinyanyua. Vibanio viwili tu, kila upande kimoja, ukiviwekea nati za usalama, umembadilishia hesabu.

Inama chini ya bampa ya nyuma. Hilux inaning'iniza tairi la akiba kwa mnyororo, na unashushwa kwa chuma kirefu kinachoingia kwenye tundu dogo. Mwenye chuma kama hicho, na kila gereji kipo, analishusha tairi bila kugusa ufunguo wako. Kufuli la tundu hilo linauzwa. Wengine wanapitisha mnyororo na kufuli kubwa kwenye rimu, haipendezi lakini inafanya kazi.

Sasa panda juu. Hema nyingi za paa zinafungwa kwa bolti za milimita 8, yaani spana namba 13, spana ambayo hata fundi baiskeli anayo. Huna haja ya kubadilisha nati zote. Badilisha moja kila kona. Mnyofoaji atafungua nyingine zote kwa furaha, kisha atakwama, na muda utakuwa umemwishia. Usiige kutu yangu. Zile nati mbili fundi alishindwa nazo, akazikata kwa grainda, nikabadilisha na reli ya upande mmoja.

Mwisho vioo. Kuchora namba ya gari kwenye sait mira na taa tumezoea; wengi wanasahau madirisha ya kanopi, ambayo ni ghali na hayapatikani kila duka. Namba iliyochorwa haizuii mkono, ila inaishusha bei ya kitu kwa anayekipokea.

Gharama. Kufuli la gia pamoja na kufungwa ni chini ya tairi moja. Mengine yote niliyoyataja, ukiyajumlisha, ni kama nusu tairi, na hulipi tena.

Inashindwa wapi. Kwa grainda ya betri, ambayo siku hizi haihitaji umeme wa mtu. Inapiga kelele, kwa hiyo chuma kinafanya kazi vizuri zaidi penye sikio la mtu kuliko porini peke yake. Fimbo ya usukani ina udhaifu wake: usukani wenyewe ni laini kuliko fimbo, unakatwa pembeni na fimbo inatoka. Kanopi nayo ni faiba na kioo. Ukiweka komeo la kasri kwenye mlango wa kioo, umelinda komeo. Na pwani chumvi inakula kufuli. Lililokaa wiki tatu Mokowe bila mafuta linaweza kumfungia mwenyewe nje.

Inamfaa nani. Mwenye kempa yake mwenyewe anayesafiri mara kwa mara, hasa kama sehemu anazoacha gari zina watu karibu. Anayekodi hafungi nati, lakini fimbo ya usukani anaweza kubeba ya kwake.

## Swichi ya siri

Fundi umeme anakatiza waya mmoja, wa pampu ya mafuta au wa stata, na kuupitisha kwenye swichi iliyofichwa. Usipoibonyeza, gari haliwaki, au linawaka na kuzima baada ya mita chache. Ndugu yake wa bei ya bure ni kuchomoa fyuzi au rilei (kile kiboksi kidogo kinachopitisha umeme) ya pampu na kuondoka nayo mfukoni.

Inamzuia nani. Anayetaka gari zima, huyo tu, na hasa yule mwenye haraka. Inafanya kazi hata kama ufunguo wako umeibiwa au umenakiliwa, jambo ambalo kufuli la mlango haliwezi. Kwa pikapu mpya zinazowaka kwa kitufe, ambazo wezi wanazidanganya kwa vifaa vya kielektroniki bila kugusa ufunguo, swichi ya siri ni kinga nzuri sana, kwa kuwa kompyuta ya gari haijui kwamba ipo.

Gharama. Robo tairi, au chini ya hapo. Lakini mlipe fundi mzuri, usitafute wa bei.

Inashindwa wapi. Waya uliounganishwa kwa selotepu unazimisha gari kwenye mteremko wa Kitonga, na hapo utaomba bora lingeibiwa. Injini za dizeli za zamani, kama 1HZ ya Land Cruiser, zinazimwa na kifaa kidogo kwenye pampu ya mafuta. Anayeijua injini hiyo anavuta waya mmoja kutoka kwenye betri mpaka pale na safari inaendelea. Tena siri ya watu wawili ni siri ya nusu: fundi anaijua, aliyempa fundi chai anaijua, na kijana wa kuosha magari huwa anazikuta zote. Badilisha mahali pa swichi gari likibadilisha mikono.

Mnyofoaji haimhusu hata kidogo. Hema halihitaji gari kuwaka.

Inamfaa nani. Anayeacha gari mahali pasipo mtu, kwa usiku mmoja au mwezi. Inamfaa zaidi anayelazimika kuacha ufunguo kiwanjani, ingawa hapo inabidi amweleze mwenye kiwanja, na siri inaanza kuchuja. Dereva anayesahau aachane nayo.

## Traka

Inamzuia nani. Ukweli ni kwamba haimzuii mtu. Inakuambia, na inakusaidia kufuata. Zile zenye rilei zinaweza pia kukata mafuta kwa ujumbe wa simu, hapo zinakuwa swichi ya siri ya mbali. Kwa anayetaka gari zima ndiyo njia yenye nafasi kubwa ya kukurudishia mali. Kwa mnyofoaji, nunua yenye kihisio cha mtikisiko: mtu akipanda kwenye ngazi ya hema, simu yako inalia. Swali linalobaki ni wewe uko wapi. Simu ikilia uko kambi ya Barafu, juu Kilimanjaro, unampigia nani? Kama huna mtu mjini wa kukimbia kuangalia, umenunua taarifa ya msiba.

Gharama. Kifaa na kukifunga ni kama tairi moja, kisha ada ya kila mwaka au bando la laini. Laini iliyoisha bando ni traka iliyokufa, na haikuambii kwamba imekufa. Wanaokodisha magari wanalipa bila kulalamika kwa kuwa wanataka kujua pia mteja amepita wapi.

Inashindwa wapi. Traka inajua ilipo kwa satelaiti, lakini inakuambia kwa mtandao wa simu. Porini pasipo mtandao inanyamaza, inahifadhi safari, inatuma ikifika penye minara. Kontena la chuma linaifungia. Vifaa vya kuvuruga mawimbi vipo, na mwizi wa kazi anacho. Betri ikikatwa, ile ndogo ya ndani inaishikilia saa chache tu.

Hilo la betri linawapata wengi. Gari likilala muda mrefu, ushauri mzuri wa fundi ni kukata betri ili isife. Ukifanya hivyo, umeizima na traka. Kwenye kempa suluhisho ni kuiunganisha traka na betri ya pili, ile ya friji, kisha friji uizime kabisa. Kama kuna paneli ndogo ya jua juu ya kanopi, bora zaidi.

Vile vitambulisho vidogo vya kubandika, kama AirTag ya Apple iliyotoka 2021, ni kitu kingine. Havina laini wala ada, betri ya kidonge inakaa mwaka hivi, lakini vinategemea simu za wapita njia. AirTag inataka iPhone karibu, na kwetu simu nyingi ni za Android. Google nayo ilianza kusambaza mtandao wake wa aina hiyo 2024, nao unapenda penye watu wengi. Posta Dar au Westlands Nairobi vitakusaidia. Njia ya vumbi ya Loliondo utasubiri sana. Tena vimetengenezwa kumwonya mtu anayefuatwa navyo bila kujua, kwa hiyo mwizi mwenye simu inayofaa naye ataambiwa. Kimoja ndani ya mfuko wa hema si kibaya, ilimradi usikitegemee peke yake.

Likitokea la kutokea, usilifuate gari mwenyewe ukiwa na ramani mkononi. Ripoti kwanza, upate namba ya taarifa polisi, RB kwa Tanzania au OB kwa Kenya, uipe kampuni ya traka. Bima nayo itaidai.

Inamfaa nani. Mwenye gari jipya au la mkopo, mwenye gari linaloendeshwa na wengine, na yule ambaye bima yake imeiweka kama sharti. Anayekaa karibu na gari, au mwenye mtu wa kutuma, anafaidi zaidi.

## Kuvua kila kitu

Njia ya tano ni ya zamani kuliko zote: kuiacha pikapu mifupa mitupu. Inamzuia kibaka na mnyofoaji kwa kuwanyima sababu ya kusimama. Gharama ni jasho na kumbukumbu ya jamaa mwenye stoo. Inashindwa kwa sababu hema la kilo 60 halishuki peke yake, na ukiwa njiani hapo Shimoni stoo huna. Inamfaa anayeacha gari kwa wiki nyingi nyumbani au karibu na nyumbani. Kuvua kidogo, lakini, kunamfaa kila mtu: friji, gesi na betri ya ziada zinatoka kwa dakika kumi, na kanopi yenye mapazia wazi inayoonyesha sakafu tupu inavutia mawe machache kuliko iliyofungwa mapazia.

Kuhusu bima, neno moja tu kwa kuwa watu wanaichanganya na ulinzi: bima kubwa inashughulika na gari. Kanopi, hema na friji usipoviorodhesha kwenye mkataba kama vifaa vya ziada, siku ya kudai utaambiwa havikuwepo. Vyombo na nguo karibu kila mara ni vyako mwenyewe.

## Kwa hali yako

Siku mbili tatu mjini, unavuka Unguja. Mwizi wako ni mnyofoaji na kibaka. Kiwanja chenye geti, mbali na kando ya bandari ikiwezekana, na nati za usalama kwenye hema. Friji iache kwa ndugu wa Dar, kila mtu ana ndugu wa Dar. Traka hapa ni ya ziada.

Siku sita saba za mlimani. Hoteli yenye uwanja inaishinda nafasi ya getini, kwa kuwa hotelini kuna watu wanaolala na kuamka palepale. Chomoa rilei, iweke kwenye bahasha na ufunguo wa pili kwa meneja. Ufunguo mmoja panda nao mlimani, ukiuangusha juu huko usiwe ndio pekee.

Wiki mbili Lamu, gari Mokowe. Chumvi na muda. Makufuli yapakwe grisi, tairi la chini lifungwe mnyororo, mlinzi alipwe kwa vipande, na mwambie akutumie picha ya gari kila Ijumaa. Picha hiyo ina faida mbili: unaliona gari, naye inambidi alifikie.

Miezi, uko Muscat au Minneapolis na kempa iko nyumbani Tanga. Hapa kuvua na swichi ya siri ndiyo msingi, traka kwenye betri ya pili ni kwa ajili ya usingizi wako, na ndugu anayeliwasha gari kila wiki mbili ni kwa ajili ya injini. Kadi ya gari isikae ndani ya gari. Na kama huyo ndugu ana tabia ya kuazima, traka itakuambia hilo kabla ya kukuambia la mwizi.

Usiku mmoja porini, mmetembea kwenda kulala kwingine. Mtandao wa shaka, mlinzi hakuna. Swichi ya siri na chuma. Egesha gari huku nyuma yake ikibana mti au ukuta ili mlango wa kanopi usifunguke. Ni bure na inafanya kazi.

Gari la kukodi. Huna la kufunga, kwa hiyo tegemea macho ya mtu, na soma mkataba ujue nani analipa hema likienda. Siku ya kukabidhiwa, panda ngazi ukapige picha nati za hema, zote, hata zile zenye kutu.